Wasafiri Arobaini na Mmoja wa Kisonge

Kila asubuhi saa mbili, baada ya sala na kabla ya chai, Tusekile aliketi kwenye kona ya bohari ya Chama cha Mikono ya Msamaria, akafungua kalamu nene ya wino mweusi na kuandika majina ya watu juu ya mifuko. Mifuko ilikuwa ya kitambaa cheupe, imeshonwa na akina mama wa kanisa waliojitolea. Ndani ya kila mfuko kulikuwa na bandeji, chachi, chupa ndogo ya dawa ya kuoshea vidonda, kipande cha sabuni, vidonge vya kusafishia maji na pakiti sita za chumvi ya kumchanganyia mtu anayeharisha.

Mama Foibe, nesi mstaafu aliyekiongoza chama, alikuwa ameamua tangu mwanzo kwamba mfuko usio na jina hauombewi. Huwezi, alisema, kupiga magoti ukamwombea "mhusika". Kwa hiyo kila mfuko uliandikwa jina, ukalazwa mezani, akina mama wakaweka mikono juu yake na kulitaja jina hilo mbele za Mungu. Ndipo ukafungwa kamba na kupandishwa rafuni.

Kazi ya kuandika alipewa Tusekile kwa sababu mbili. Alikuwa amesomea uuguzi chuoni na, jambo la ajabu kwa fani hiyo, mwandiko wake ulisomeka. Tena alikuwa na haya kupita kiasi, na akina mama walimwonea huruma kumpa kazi yoyote ya kuongea. Chuoni aliwahi kukaa na jino bovu muhula mzima kwa kuogopa kumsumbua daktari wa meno.

Jumatano hiyo alikuwa amefika mfuko wa arobaini na moja. Alikuwa ameshaandika RABEKA, anaanza kukunja K ya KALINDU, gari la serikali lilipoingia uani likipiga honi na kusimama juu ya tuta la mchicha la Mama Foibe.

Aliyeshuka alikuwa Bwana Ladislaus Fungameza, Mratibu wa Wilaya wa Wizara ya Maafa na Sherehe. Wageni waliofika katika jamhuri ile walishangaa kusikia wizara moja ina kazi hizo mbili, lakini wenyeji waliona busara yake. Maafa na sherehe huhitaji maturubai yaleyale, viti vya plastiki vilevile, vipaza sauti vilevile, na mara nyingi hotuba ileile.

Bwana Fungameza alieleza, akiwa amesimama wima kana kwamba wimbo wa taifa unapigwa, kwamba alfajiri ile mto Lusoka ulikuwa umetembelea kijiji cha Kisonge. Mama Foibe akauliza kama ni mafuriko tena.

"Mama," alisema Bwana Fungameza kwa upole, "nchi hii haina mafuriko. Nchi hii ina mvua yenye bidii."

Tatizo, aliendelea, ni kwamba wananchi wa Kisonge walikuwa wameketi katikati ya barabara wakiwa na majeraha, na Mheshimiwa Waziri alitarajiwa kupita barabara hiyohiyo. Ilibidi wapewe kitu. Lakini sheria ilikataza kumpa mtu msaada bila orodha ya wapokeaji iliyoidhinishwa makao makuu, na orodha huchukua wiki kumi na nne. Aliposema hivyo aliinua macho, akaiona rafu, na mfuko wa mwisho mbele ya Tusekile. Mifuko arobaini na mmoja. Majina arobaini na moja, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko mzuri. Bwana Fungameza alivua kofia.

"Orodha imejiandika yenyewe," alisema.

Mama Foibe alianza kusema kwamba majina yale yalikuwa ya namna nyingine. Bwana Fungameza akamkatiza kwamba katika jamhuri majina ni ya namna moja tu, ya raia. Tusekile alisimama. Alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo hivi kwamba Mratibu ilimbidi ainame.

"Mheshimiwa, hawa ni wa mafuriko yale ya kwanza."

"Vizuri sana," alisema Bwana Fungameza. "Basi wana uzoefu."

*

Tueleze sasa jambo ambalo kila mtu wilayani alilijua na hakuna aliyelisema.

Mwaka mmoja na miezi minne kabla ya Jumatano hiyo, siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, Lusoka uliondoka na upande wote wa chini wa Kisonge, soko na nyumba. Watu arobaini na mmoja hawakuonekana tena, hai wala maiti. Bahati mbaya, wiki iliyotangulia jamhuri ilikuwa imejitunuku nishani ya Nchi Isiyo na Maafa, na Wizara ikaona si heshima kupoteza watu arobaini na mmoja wakati nishani haijashika hata vumbi. Ukatoka waraka. Mtu ambaye mwili wake haukuonekana, ulisema waraka, hajathibitika kuwa na tatizo lolote. Atahesabiwa msafiri.

Msafiri hasomewi ibada ya mazishi. Hachimbiwi kaburi. Na ndugu wakimwekea matanga mtu aliye safarini, huo ni uchuro, na uchuro ulikuwa kosa chini ya kifungu kilichoongezwa siku hiyohiyo.

Rabeka Kalindu, muuza ndizi wa Kisonge, mama yake Tusekile, alikuwa mmoja wa wasafiri hao.

Tusekile alikwenda ofisini kwa Bwana Fungameza mara tatu. Mara ya kwanza njia nzima alikuwa akilifanyia mazoezi neno moja. Alipofika dirishani karani akamuuliza shida yake, na mwenyewe akajisikia akisema amekuja kuulizia safari ya mama. Akapewa fomu. Palipouliza mahali msafiri aendako aliandika "Haijulikani". Palipouliza tarehe ya kurudi aliandika hivyohivyo, karani akairudisha, kwa kuwa tarehe lazima iwe tarehe. Tusekile aliandika Krismasi. Fomu ikagongwa mhuri, naye akarudi nyumbani akamngoja mama yake Krismasi nzima, akijua ni upuuzi, akipika kwa ajili ya wawili.

Mara ya pili aliishia mlangoni. Mara ya tatu alimsalimia mlinzi, akauliza hali ya watoto wake, akaondoka.

Ni Mama Foibe aliyemwambia, bila kumtazama, wakiwa wanakunja chachi, kwamba majina ya kwenye mifuko wanayatoa tu hewani, na kwamba pengine wangeandika ya watu wa Kisonge. Tangu siku hiyo kukawa na mahali pamoja tu katika jamhuri nzima ambapo wale arobaini na mmoja walitajwa kwa majina yao. Mfuko ulipokwenda kwa mgonjwa, yeyote yule, jina liliandikwa upya kwenye mfuko mwingine, likaombewa upya. Rafu ile ndiyo iliyokuwa kaburi lao. Tusekile aliipangusa vumbi kila Jumamosi.

Sasa Bwana Fungameza aliipiga picha kwa simu yake na kuituma makao makuu. Orodha zilizochukua wiki kumi na nne zilikuwa za watu ambao serikali ilipaswa kuwatafuta. Hawa walikuwa tayari daftarini. Jibu lilirudi baada ya dakika arobaini: majina yote yamehakikiwa katika daftari la wasafiri, Wizara inawapongeza kwa kurejea salama, wagawiwe.

*

Mgao ulifanyika mchana huohuo katika uwanja wa shule ya Kisonge, kwenye tope. Watu walikaa chini, wengi wamejifunga vitambaa vilivyoshika damu, maana mabati yaliyobebwa na maji hukata kama mapanga. Mifuko ilipangwa juu ya meza mbele yao. Walikuwa wakiiona.

Bwana Fungameza alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Serikali yenu haikulala. Serikali imeyaona maji, imeyafanyia tathmini, na imeridhika kwamba ni maji."

Kisha akaanza kuita majina. La kwanza lilikuwa la Anyimike, fundi cherehani. Kipaza sauti kikalipeleka jina hadi upande wa chini, ambako palikuwa na matope matupu, na kutoka huko likarudi peke yake. Hakuna aliyejibu. Mama mmoja alifunika uso kwa khanga. Mwaka mzima na zaidi hawakuruhusiwa kulitamka jina lile, na leo serikali yenyewe ilikuwa ikiliita kwa sauti kubwa na kungoja lijibiwe.

Aliita mara tatu, akaenda jina la pili, akaita mara tatu. Kufikia la tano watu walikuwa wakigeuka nyuma kila jina lilipotajwa, taratibu, kama wanaodhani labda kuna mtu anapanda kutoka mtoni. Tusekile naye aligeuka. Hakupenda kugeuka, lakini shingo iligeuka.

Bwana Fungameza alitazama saa. Akatangaza kwamba ikiwa wahusika hawapo, mifuko itarudishwa makao makuu kwa usalama wake, na akarudia jina la kwanza. Palepale mzee mmoja aliyekuwa amempakata mjukuu wake mwenye kichwa kilichopasuka alisema, akitazama chini:

"Nipo."

Akapewa mfuko wa Anyimike. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Baada ya hapo walijibu wote, mmoja mmoja. Mwanamume aliitikia jina la mwanamke, msichana aliitikia jina la babu, na Bwana Fungameza hakuona tatizo, kwa sababu fomu haikuwa na sehemu ya kuona.

Jina la mwisho lilikuwa Rabeka Kalindu. Tusekile alikuwa amesimama nyuma ya meza, mfuko mikononi. Lilipoitwa mara ya kwanza alifumbua mdomo. Mara ya pili bado alikuwa ameufumbua. Mara ya tatu bibi kizee mmoja mwembamba alijiinua kwa kushika bega la jirani yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umechanwa kuanzia goti hadi kwenye kifundo, na nzi walikuwa wameshaanza kuujua.

"Nipo," alisema bibi.

Tusekile alimwona mguu kabla ya kumwona uso. Akafumba mdomo, akampa mfuko.

*

Redio ilitangaza jioni. Wasafiri wote wa Kisonge wamerudi. Mheshimiwa Waziri alisema hakushangaa, kwani watu wa jamhuri hawana tabia ya kwenda mahali wakakaa.

Mambo yakafuata haraka. Kila aliyerejea aliandaliwa Cheti cha Kuwepo. Tusekile alipokea nyumbani barua ya kumpongeza mama yake, imeanza na "Ndugu Rabeka, karibu tena", na kwa kuwa hakujua mahali pa kuiweka aliiweka juu ya kitanda cha mama, kisha akaiondoa, kisha akairudisha. Mgao mpya uliagizwa uwe kila baada ya wiki mbili, kwa majina yaleyale na si mengine. Ajabu nyingine ikatokea. Karani alipolinganisha daftari aliona kwamba watu arobaini na mmoja walioonekana kijijini kabla ya mvua sasa hawamo katika orodha yoyote. Hawakupokea msaada, hawakuweka dole gumba. Akawaandika wasafiri.

Wenye majina mapya waliyazoea vibaya. Mzee aliyeitikia Anyimike alianza kuletewa suruali za kupunguza, akazipokea, na baada ya siku kadhaa mkewe akamkuta ameketi na sindano akiimba kimyakimya wimbo ambao Anyimike alikuwa akiuimba kazini. Alipoulizwa aliujulia wapi, alisema hajui, ulikuwa ndani ya jina. Watu waliacha kusalimiana kwa majina. Walisema tu "wewe", na hata hilo walilisema kwa hofu kidogo.

Yule bibi mwembamba aliitwa Nsubila Kibona. Tusekile alimwendea kila baada ya siku mbili kumfunga kidonda, maana kilikuwa kirefu na usaha wake haukumpendeza. Wiki ya tatu alimkuta ameshika karatasi kutoka Wizarani. Kutakuwa na uhakiki wa uhai. Mhakiki atauliza maswali, na atakayeshindwa kuwa yeye ataondolewa kwenye orodha, pamoja na bandeji zake.

"Shikamoo, bibi," alisema Tusekile.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nataka unifundishe mama yako."

Tusekile alifungua bandeji ya zamani. Alimwaga dawa. Bibi alivuta pumzi, akasubiri maumivu yapite, akauliza tena kwa upole, mama alikuwa akiamka saa ngapi.

"Saa kumi na moja."

"Akiamka anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anakohoa mara mbili, kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe."

Bibi alikohoa mara mbili.

"Kidogo zaidi," alisema Tusekile.

Bibi akakohoa tena, na mikono ya Tusekile ikasimama juu ya mguu wake. Uani kuku waliendelea kuchakura. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali.

Aliendelea kumfundisha hata hivyo. Fundo la kitenge lilikaa kushoto. Chai aliipuliza hata ikiwa imepoa. Hakupenda watu wanaopiga hodi huku wameshaingia. Alicheka kwa kufunika mdomo kwa sababu ya pengo la mbele. Tusekile alishangaa jinsi alivyoweza kuongea. Hakuwahi kumweleza mtu habari za mama yake, na sasa maneno yalikuja yenyewe, moja linavuta lingine, na kila alilosema bibi alilichukua, akalijaribu mwilini kama mtu anayejaribu gauni la kuazima.

"Na wewe alikuitaje?"

Tusekile aliinama. Mwishowe alisema, "Tuse."

"Hilo sitalitumia," alisema bibi. "Wakiuliza nitasema nimesahau. Mzee anaruhusiwa kusahau." Alitazama mguu wake uliokuwa mweupe sasa kwa bandeji mpya. "Jana mwanangu alikuja kutoka mjini kunitafuta. Alipitia kwanza ofisini. Wakamwambia Nsubila Kibona amesafiri, wakamjazisha fomu. Alifika hapa analia, akanikuta nachambua mchele. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma. Mimi nikifa leo, atazikwa nani?"

Tusekile alikaza ncha ya bandeji. Alifunga pini, akachukua beseni, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwaga maji.

Bibi alifaulu uhakiki. Mhakiki aliandika kwamba Rabeka Kalindu, umri miaka arobaini na sita, amezeeka kutokana na uchovu wa safari, lakini yuko hai kuliko raia wengi wa kawaida.

*

Ndipo ikaja barua ya Siku ya Shukrani. Vyeti vya Kuwepo vitakabidhiwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, mbele ya umma, pamoja na mgao wa mifuko. Chini kabisa kulikuwa na maelezo madogo: mtu mwenye cheti hicho hataweza kufa bila kibali cha Waziri. Bwana Fungameza aliagiza majina yasomwe na Tusekile. Alikuwa amemchunguza, alisema, na amempenda kwa sababu hana maneno ya ziada.

Mama Foibe alimwita Tusekile bohari likiwa halina mtu. Walikaa juu ya masanduku ya glavu. Mama Foibe alisema amefanya kazi wodini miaka thelathini na minne na hajawahi kuona haya kama anayoona sasa. Kila akilitaja jina la marehemu katika sala, alisema, hajui tena anamwombea nani, aliye kwa Mungu au aliyeweka dole gumba. Lakini vidonda vya Kisonge alikuwa amevihesabu, vibichi vilikuwa ishirini na tisa, na kuharisha kumeanza. Orodha ikianguka kwa jina moja, itaanguka yote. Mifuko itapandishwa gari la serikali na kwenda.

"Sikwambii useme, sikwambii unyamaze," alisema Mama Foibe. "Mimi mwenyewe nimenyamaza, na sijui kama ni huruma au woga. Vinafanana sana vikiwa ndani."

Tusekile aliuliza kama baada ya vyeti itawezekana tena, siku yoyote, kumfanyia mama ibada. Mama Foibe alitikisa kichwa.

*

Siku ya Shukrani uwanja wa shule ulipambwa kwa maturubai yaliyotumika wiki sita nyuma kuhifadhi majeruhi, yameoshwa upande wa nje. Kulikuwa na viti arobaini na kimoja, kila kimoja na jina. Mheshimiwa Waziri alizungumza saa nzima na nusu. Alisema nchi nyingine hupoteza watu kwa uzembe. Alisema hapa mtu akipotea, anapatikana, na akipatikana, anafunguliwa faili. Aliwashukuru Wakristo wa Mikono ya Msamaria kwa kuombea majina hadi yakarudi na miguu, jambo ambalo Mama Foibe alilisikia akiwa amefumba macho.

Kisha Tusekile aliitwa. Alipanda jukwaani akiwa ameshika karatasi aliyoiandika mwenyewe. Pembeni yake kulikuwa na meza ya mifuko, na kando ya meza Bwana Fungameza na vyeti. Kazi ilikuwa rahisi. Anasoma jina, mtu anasema "Nipo", anapanda, anapewa mfuko na cheti.

Alisoma la Anyimike. Mzee alisimama, akapanda, vidole vyake vikiwa vimetobolewa na sindano. Alisoma la pili. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kipaza sauti hakikujali hilo, kilimkuza. Wakapanda wote, wakabaki wamesimama jukwaani, nyuso zao zikiwa kama za watu wanaopita mbele ya jeneza, ila jeneza walikuwa wao. Kadiri viti vilivyobaki vitupu vilivyoongezeka, ndivyo Tusekile alivyozidi kuona, au kudhani anaona, kwamba havikuwa vitupu. Walikuwa wameketi pale wenyewe, wamelowa, wametulia, wanangoja wamalize kuitwa ili waondoke.

Ishirini. Thelathini. Arobaini.

"Rabeka Kalindu," alisoma Tusekile.

Kule nyuma mtu alikohoa mara mbili, kidogo. Bibi Nsubila alisimama. Fundo la kitenge lilikuwa kushoto. Alitembea polepole kuja jukwaani akiburuta mguu, na alipofika kwenye ngazi aliinua uso. Alikuwa anatakiwa kusema "Nipo". Hakusema. Alimtazama Tusekile tu, akiwa amefumba midomo, kama mgeni ambaye hataki kuingia kabla hajakaribishwa na mwenye nyumba.

Bwana Fungameza alinyoosha cheti. Waziri alinyoosha mkono wa kupigwa picha.

Tusekile aliweka karatasi chini. Akauchukua mfuko wa mwisho mezani, akashuka ngazi mbili na waya wa kipaza sauti ukimfuata, akauweka mikononi mwa bibi.

"Huyu anaitwa Nsubila Kibona," alisema. "Ana kidonda mguuni, hakijapona. Mfuko huu ni wake."

Mkono wa Waziri ulibaki hewani. Bwana Fungameza alicheka kidogo kumsaidia. Akaeleza kwamba binti amechoka, kisha akafunika mdomo kwa cheti na kumwinamia, akisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa katikati yao. Akamkumbusha, kwa sauti aliyodhani ni ya siri, kwamba Nsubila Kibona amesafiri, kuna fomu, na kwamba meza nzima ya dawa ilitolewa kwa orodha hii na inaweza kurudi kwa orodha hii.

Watu wote wa Kisonge walisikia. Yule mzee wa jina la Anyimike alitazama mfuko uliokuwa mkononi mwake. Akaukumbatia kwa mikono miwili, na hakuonekana kama mtu atakayeuachia.

"Sasa sema vizuri, binti," alisema Bwana Fungameza. "Kama huyu siye, Rabeka Kalindu yuko wapi?"

Tusekile alikiinua kipaza sauti. Bibi Nsubila alimshika kiwiko, akamshika kama mtu anavyoshikwa kando ya shimo, asitumbukie.

"Amekufa, Mheshimiwa," alisema Tusekile. "Mama yangu amekufa."